Pesa Nayo Ina Bei Yake

Wanachama wetu hutuuliza mara kwa mara bei ya karafuu. Ni wachache waulizao bei ya pesa. Kwa hivyo twapenda kueleza habari za chumba kimoja katika jumba la makumbusho liitwalo British Museum, mjini London. Ni chumba nambari 68, kilichowekwa makhsusi kuonyesha historia ya fedha, na kwa sura yake ya sasa kilifunguliwa mwaka 2012. Historia hiyo yatufundisha kwamba pesa ni kama bidhaa nyingine: ikizidi kupita kiasi, thamani yake hushuka.

Sarafu za kwanza zilipigwa yapata miaka 2,600 iliyopita katika nchi ya Lydia, upande wa magharibi wa Uturuki ya leo. Zilikuwa za dhahabu iliyochanganyika na fedha. Kabla yake wafanyabiashara walipima madini kwa mizani kila walipouziana. Chapa juu ya sarafu ilikuwa kama neno la mdhamini, kwamba uzito umekwisha kupimwa.

Jumba hilo lina pia noti ya Uchina ya mwaka 1375, iliyofanywa kwa magome ya mforsadi. Imechorwa picha ya sarafu zilizotungwa kambani, jumla yake 1,000, ili hata asiyejua kusoma afahamu thamani yake. Tena imeandikwa kwamba mwenye kughushi atauawa. Lakini serikali yenyewe ilichapa noti nyingi mno, na haikupita miaka 60 ila noti zile zilikuwa zimepoteza karibu thamani yake yote.

Mfano wa tatu watoka katika pwani zetu wenyewe. Kauri zilikuwa pesa huko Afrika ya Magharibi, na zamani zilizopendwa ni zile ndogo za visiwa vya Maldivi. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walianza kupakia merikebuni kauri za Unguja na pwani ya Afrika Mashariki, wakazipeleka huko kwa shehena kubwa kubwa. Wao walipata faida, lakini kauri zilimiminika hata thamani yake ikaanguka, na aliyekuwa amejiwekea akiba ya kauri akajikuta maskini wa mali nyingi.

Mkulima wa karafuu hahitaji kufafanuliwa zaidi jambo hili. Anajua yanayotokea mavuno yakiwa makubwa na kila ghala limejaa.

Hapa visiwani nasi tumepitisha pesa za namna nyingi. Wazee walitumia reale ya Sham, yenye sura ya Malkia Maria Theresa, ambayo hupigwa kwa mwaka 1780 hata baada ya kufa kwake. Sayyid Barghash alitoa pesa za shaba za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, zenye picha ya mizani upande mmoja. Ilitumika rupia, na mwaka 1936 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, kila rupia kwa shilingi moja na nusu. Mwaka 1966 ikafuata shilingi ya Tanzania. Aliyesahau reale sandukuni aliwaachia wanawe fedha yenye uzito. Aliyesahau noti aliwaachia karatasi.

Basi yafaa tufanye nini? Karafuu ina mwaka wa neema na mwaka wa uhaba, na fedha ya mwaka mmoja yapasa itulishe miaka miwili au mitatu. Kuifungia noti sandukuni muda wote huo ni kuiacha ipungue bila ya kuguswa na mwizi. Kwanza tulipe deni. Kisha tulime magugu, tupande miche mahali pa mikarafuu iliyokufa, na kinachobaki tukiweke mahali pa amana penye kuzaa.

Kadhalika kila mwanachama na aandike katika daftari lake, siku anapouza, bei ya karafuu, na chini yake bei ya gunia la mchele siku hiyo hiyo. Baada ya misimu mitatu alinganishe. Hapo ataona kama amepata zaidi, au amehesabu noti nyingi zaidi tu.