Bendera ya Nani Juu ya Boma?

Juni 1915 majeshi ya Uingereza yalipoiteka Bukoba yaliishusha bendera ya Ujerumani. Hakuna aliyehitaji mkalimani: iliyo juu ya boma ni ya mwenye dola.

Leo mwenye dola ni Jamhuri ya Muungano, na bendera yake ina sheria ya mwaka 1971. Hata Zanzibar, ilipojitungia sheria ya bendera yake mwaka 2004, iliichora ile ya Muungano pembeni juu, upande wa mlingoti.

Na bendera ya chama je? Enzi za chama kimoja, chama na serikali vilikaribia kuwa kitu kimoja. Vyama vingi vilirudi 1992. Kwa maoni yangu, mkazi wa Bilele mwenye kadi ya chama chochote, akifuata barua kwa mtendaji wa kata, aikute bendera ya taifa peke yake.