Mhafidhina Mpenda Uhuru: Ni Mtu wa Namna Gani?

Neno "mhafidhina" wengi wetu tumelisikia redioni zinapotajwa siasa za Uingereza, tukadhani ni chama tu cha Wazungu. La hasha! Mhafidhina ni mtu anayeshika dini, mila na desturi alizozikuta kwa wazee wake, naye hapendi zibadilishwe ovyo ovyo. Kwa maana hiyo, ukipita kwenye baraza za hapa kwetu baada ya alasiri utawakuta wahafidhina wamejaa tele.

Lakini wako wa aina mbili. Wa kwanza husema: jambo hili ni baya, basi serikali ilipige marufuku na polisi wawakamate wanaolifanya. Wa pili husema: jambo hili ni baya, mimi silifanyi na wanangu nitawakataza, lakini askari asiingie nyumbani kwa mtu mzima kumfundisha adabu. Huyu wa pili ndiye ninayetaka kumweleza, kwa sababu watu humchanganya na yule asiyejali lolote. Kumbe ni mkali kweli kweli. Ila ukali wake ni wa nyumbani, msikitini na barazani, si wa rungu.

Mfano mzuri uko papa hapa Kenya. Mwaka 1972 Bunge lilitunga Sheria ya Urithi, nayo ikaanza kutumika Julai 1981. Shabaha ilikuwa Wakenya wote warithi kwa sheria moja. Waislamu wakakataa. Wakasema mirathi yetu imo katika Kurani, mafungu yamekwisha pangwa, serikali haina haja ya kutugawia. Walilalamika miaka na miaka mpaka mwaka 1990 sheria ikarekebishwa, na mali ya Mwislamu aliyekufa ikaachwa igawanywe kwa dini yake. Hebu tazameni walichoomba. Hawakuomba Mkikuyu au Mluo alazimishwe kurithi Kiislamu. Waliomba waachwe. Hiyo ndiyo lugha ya mhafidhina mpenda uhuru, hata kama hapana aliyewaita hivyo.

Na mahakama ya kadhi ni vivyo hivyo. Kabla ya uhuru, mwaka 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana makubaliano kuhusu ukanda wa pwani, na moja ya ahadi ni kwamba kadhi atabaki. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 170, yasema kadhi ataamua mambo ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa naye. Neno hilo "zimekubali" ni dogo, lakini ndilo mlango wenyewe. Hapana anayeburutwa.

Najua wasichana wenzangu wataniuliza: na fungu la binti je, ambalo ni nusu ya la nduguye? Mhafidhina atajibu kwamba nduguye ndiye anayebebeshwa masrufu ya nyumba. Mpenda uhuru atajibu kwamba mlango uko wazi, asiyeridhika asikubali. Sawa. Lakini binti wa hapa kwetu akimkataa kadhi mbele ya ami zake wote, atalala wapi usiku huo? Hapo mimi naona hoja yao ina tundu, na sijasikia aliyeliziba.

Pamoja na hayo, hofu yao juu ya serikali kuingia mambo ya nyumbani si ya kubuni. Jirani zetu wa Unguja waliyaona. Mwaka 1970, wakati wa utawala wa Karume, wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, bila ridhaa yao wala ya wazee wao. Serikali ilisema inafuta ubaguzi! Nia ilitajwa kuwa njema, na waliolia ni wale wasichana.

Basi tuje kwenye pombe. Sisi ni watu wa dini na pombe ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini je, marufuku ya serikali huimaliza? Marekani ilipiga marufuku pombe tangu 1920 hadi 1933, na waliofaidi ni majambazi waliouza kwa magendo. Kenya nayo iliipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya 1980. Watu walikunywa mafichoni, wapishi wakaitia sumu ili iwe kali, na Novemba 2000 watu zaidi ya 100 wakafa Nairobi kwa pombe kama hiyo. Mwaka 2010 sheria mpya ikairuhusu kwa masharti, iuzwe kwenye chupa na kwa leseni. Mpenda uhuru hapa hupiga makofi, lakini asiharakishe. Februari 2024 watu zaidi ya 10 walikufa Kirinyaga kwa pombe ya sumu, na marufuku ile ilikuwa imeondolewa miaka mingi. Sheria kali haikutosha, na sheria laini pia haikutosha.

Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha 1859 juu ya uhuru, alisema mtu azuiwe kwa nguvu tu pale anapotaka kuwadhuru wengine. Maneno hayo yanatuhusu sana sisi wa mpakani. Septemba 2011 mtalii mmoja wa Kiingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akatekwa nyara. Baada ya matukio kama hayo wavuvi wa Lamu walizuiwa kuvua usiku, na zuio likadumu miaka kadhaa. Mhafidhina mpenda uhuru hapingi serikali kulinda mpaka. Asema hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Anachouliza ni hiki: aliyeua ni mvuvi? Jarife hutegwa jioni likavutwa alfajiri, ndivyo lilivyo tangu enzi za mababu. Ukimwambia mtu asilale baharini umemwambia asile. Kama ni kwa usalama wa wote, mbona gharama ailipe mmoja? Katika hili niko pamoja naye bila ya wasiwasi.

Mahali ambapo mioyo yake miwili inagombana ni kwa mtoto. Uhafidhina wamwambia: binti ni wa baba yake, serikali ikae mbali. Uhuru wamwambia: mtoto hajafikia kuchagua, basi asichaguliwe jambo asiloweza kulirudisha. Sheria ya Ndoa ya 2014 na Sheria ya Watoto ya 2022 zote zimeweka miaka 18. Wako wazee wanaosema huko ni kuingiliwa dini, kama ilivyokuwa kwa urithi mwaka 1981. Mimi nasema si sawasawa. Kwenye urithi, watu wazima waliomba waachwe. Hapa anayeomba kuachwa ni baba, na anayeolewa hakuulizwa. Nina miaka 16, niko kidato cha tatu, na jambo hili kwangu si la vitabuni.

Kwa hiyo naomba viongozi wa chama, mdahalo wa muhula ujao uwe juu ya hilo: uhuru wa nyumba ukigongana na uhuru wa aliye ndani ya nyumba, ni upi utangulie? Mimi niandikeni upande wa aliye ndani.