Njiru na Hati Ambayo Haijatoka

Imani, kwa Mkristo, ni kuishi leo kwa kulitegemea neno la Mungu juu ya jambo ambalo jicho halijaliona. Ufafanuzi wake mashuhuri uko mwanzoni mwa sura ya 11 ya Waraka kwa Waebrania. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka nzima mwaka 1952, waliuwekea maneno mawili mazito: hakika na bayana. Yote ni ya asili ya Kiarabu, na la pili lina undugu na bayyina, yaani ushahidi unaowekwa mbele ya kadhi. Msomaji wa Kiswahili basi hapewi hisia wala bahati nasibu, bali anapewa lugha ya mahakama.

Kigiriki kinakwenda mbali zaidi. Neno lililofasiriwa "hakika" ni hypostasis. James Hope Moulton na George Milligan, wataalamu waliochambua mafunjo ya Kigiriki yaliyofukuliwa Misri, waliliona likitumika kwa nyaraka za umiliki wa mali, wakapendekeza imani isomwe kuwa ni hati miliki ya mambo yanayotarajiwa. Wapo wasomi wanaopinga, wakisema neno hilo ni pana kuliko karatasi. Hata hivyo, pendekezo la Moulton na Milligan likifika Njiru halihitaji mkalimani.

Njiru iko mashariki mwa Nairobi, kando ya Barabara ya Kangundo, ukishapita Kayole kuelekea Ruai. Kwa Kikuyu, njiru ni "nyeusi", na udongo wa huko ni mweusi kweli: jua likiwaka unapasuka, mvua ikinyesha unang'ang'ania viatu. Zamani palijulikana kwa mashamba na machimbo ya mawe, ambayo wenyeji huyaita kwari. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 626,482 katika kaunti ndogo ya Njiru. Wengi waliletwa na ploti. Walionunua hisa katika kampuni za ardhi, kama Embakasi Ranching, walipata cheti cha hisa na namba ya ploti, kisha wakaanza kungoja hati miliki ya serikali. Wapo waliongoja miongo. Hawakungoja wamekaa. Walisimamisha chumba cha mabati, wakazungushia uzio, wakapanda mparachichi, wakaleta mawe lori moja kwa mwaka.

Anayejenga juu ya kiwanja ambacho hati yake haijatoka ameelewa nusu ya Waebrania bila mwalimu. Nusu ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu cheti huweza kuwa bandia, na katika Eastlands, upande huu wa mashariki mwa Nairobi, ploti moja kuuzwa kwa watu watatu si hadithi ya ajabu. Hapo mafundisho ya kanisa huelekeza macho kwa mwenye kutoa hati. Kuishika kwa nguvu hakuifanyi kuwa halali. Uhalali uko kwake yeye aliyeitia sahihi. Ndiyo maana Yesu alizungumzia imani ya ukubwa wa punje ya haradali na asione haya kwa udogo wake.

Makanisa mengi ya mitaa hii yamekua kama nyumba za waumini wake: hema la kukodi, kisha mabati, kisha harambee ya mawe, na ukuta ukaishia usawa wa dirisha hadi harambee nyingine. Siku za kazi imani haina kelele za harambee. Kibarua wa mjengo huomba alfajiri, kisha huenda kusimama getini asijue kama ataitwa. Angeomba akabaki kitandani, hata mchungaji wake angemcheka. Wakatoliki hukutana nyumba kwa nyumba katika jumuiya ndogondogo, mpango ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliupa kipaumbele mwaka 1976. Mgonjwa akilazwa, mchango huanza kuingia kwa M-Pesa kabla novena haijaisha. "Mungu atatenda," katika vinywa vya Njiru, mara nyingi humaanisha pia kwamba kuna jirani atakayepigiwa simu.

Kuna imani nyingine inayouzwa kwa namba ya simu: panda mbegu ya shilingi elfu moja, gari litakuja kabla ya Desemba. Sura ileile ya 11 haiipi nafasi. Inawataja waliookoka makali ya upanga, na mistari michache baadaye waliouawa kwa upanga, na wote inawasifu kwa imani moja. Mbaya zaidi kuliko mbegu ni kilichofichuka mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilikofukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Waliokuwa huko walikuwa wametengwa na shule, hospitali na jamaa, yaani na kila mtu ambaye angeweza kuuliza swali.

Kwa imani isiyotaka kuulizwa, Afrika Mashariki ilikuwa na dawa yake. Uamsho uliokolea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, na kuingia Kenya mwaka 1937, uliwafundisha ndugu "kutembea nuruni": kuungama hadharani, hata madeni, na kukubali kuulizwa katika ushirika. Wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya serikali ya kikoloni, baadhi yao walikataa kiapo cha wapiganaji, na wengine wakakataa pia bunduki ya serikali; kuna waliolipa kwa uhai. Mungu wao haonekani, lakini mwenendo wao ulikuwa wazi kwa jirani yeyote kuukagua.

Baba wa imani anayesifiwa katika sura ya 11 ya Waebrania ni Abrahamu, ambaye aliahidiwa nchi nzima na akafa akiishi hemani. Kwa mujibu wa Mwanzo 23, kipande pekee alichokimiliki ni shamba lenye pango la Makpela, alilolinunua ili amzike Sara. Efroni Mhiti alisema atampa bure. Abrahamu alikataa, akapima shekeli 400 za fedha, na mauziano yakathibitishwa mbele ya wote waliokuwa langoni pa mji.