Mgeni wa siku ya tatu angali anangoja jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkemea mgeni mvivu anayekula asichokilima. Walimu wenzangu huifunza hivyo darasani, na mimi mwenyewe nimeifunza hivyo kwa miaka mingi. Hata hivyo, limo ndani yake neno moja ambalo tumelipuuza, nalo ni ‘mpe’. Mgeni haji na jembe kutoka kwao. Hulipokea mkononi mwa mwenyeji. Leo nataka kueleza jinsi nilivyompa mgeni wangu jembe lisilo na mpini.

Nakuru, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 2021, umekuwa makao ya watu kutoka mataifa mengi. Wamo vijana wa Sudan Kusini waliofuata masomo, Wakongo waliokimbia vita, wafanyabiashara wa Kisomali na wa Kihindi, na kule Naivasha wataalamu wa kigeni katika mashamba ya maua. Wengi wao hutua hapa wakiwa na vyeti vyao mkobani, lakini hawana mtu wa kuwaeleza maisha ya kila siku yanavyoendeshwa.

Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu kutoka Sudan Kusini, mama wa mtoto wa mwaka mmoja. Alinijia ofisini akilalamika kwamba hukosa miadi kila mara. Nikamfundisha saa za Kiswahili. Nilimweleza kwamba sisi huanza kuhesabu siku kunapopambazuka, si usiku wa manane. Kwamba hapa karibu na ikweta, ambayo hupita pale Mogotio kaskazini mwa Nakuru, jua huchomoza takriban wakati ule ule mwaka mzima. Na kwamba Waethiopia nao huhesabu vivyo hivyo. Saa yake ikionyesha mbili ya alasiri, aseme saa nane mchana. Aliyashika hayo upesi, nami nikajipongeza.

Wiki iliyofuata mtoto wake aliugua kifua. Katika kliniki moja alipewa dawa ya maji na kuambiwa, “Mpe kijiko kimoja kila saa nane.” Mama yule, kwa bidii ya mwanafunzi mwema, aliyatumia mafunzo yangu. Alimpa mtoto kijiko kimoja saa nane mchana, na usiku akaamka saa nane kumpa kingine. Alifanya hivyo kwa siku tatu bila kukosa. Dawa iliyopasa kutolewa mara tatu kwa siku ilitolewa mara mbili. Siku ya nne, homa ilipokuwa haijashuka, alimrudisha mtoto kliniki na ndipo kosa likagunduliwa. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini mama yake aliponisimulia kisa hicho alikuwa akitokwa na machozi. “Mwalimu,” aliniuliza, “nilikosea wapi?”

Hakukosea popote. Muuguzi naye alisema kama tusemavyo sote. Kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha kwamba saa ni nukta katika siku, nikasahau kumwambia kwamba neno lilo hilo ni kipimo cha muda. Mzawa wa lugha huzibainisha maana hizo mbili bila kufikiri, na kwa sababu hafikiri, hakumbuki kuzieleza. Laiti muuguzi angalisema “kila baada ya saa nane”, utata ungalipungua. Angalisema “mara tatu kwa siku, ukiacha nafasi ya saa nane kati ya kijiko na kijiko”, utata ungaliisha kabisa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyakusanya mambo ambayo mgeni wa Nakuru huhitaji kuambiwa na haambiwi. La kwanza ni usafiri. Utingo akipaza sauti “London! London!” hamwiti mtu kwenda Uingereza, London ni mtaa wa hapa hapa. Akitajiwa nauli ya “mbao”, mgeni aliyejifunza Kiswahili vitabuni hujiuliza mbao za nini, kumbe ni shilingi 20. Finje ni 50, soo ni 100. Aelezwe pia kwamba nauli huweza kupanda mvua inyeshapo, ili aiulize kabla ya kuketi.

La pili ni makazi. Mgeni aambiwe kwamba mwenye nyumba aghalabu hudai amana pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza, na kwamba akilipa kwa simu auhifadhi ujumbe wa malipo, kwani huo ndio ushahidi wake. Kabla ya kuingia, achunguze kila kitu akiwa pamoja na mtunzaji wa ploti na kuandika kilichovunjika, asije akakatwa amana siku ya kuhama.

La tatu ni maji, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Miamba ya Bonde la Ufa ilitokana na volkeno, na maji ya visima vingi vyetu yana madini ya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno yenye madoa ya hudhurungi yaonekanayo kwa wenyeji wengi yametokana na maji hayo, na floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa. Mgeni huyaona maji meupe, akayachemsha, akadhani yamekuwa salama. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi; maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi huzidi kukolea. Mwenye watoto wadogo na aulize maji yametoka wapi, kisha atafute ya kunywa yaliyokingwa kutoka mvua au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, njia ambayo mpango wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru uliieneza.

La nne ni stakabadhi. Pasipoti humtambulisha mtu, ilhali pasi ya mwanafunzi humruhusu kusoma, na kila moja huisha kwa tarehe yake. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 humtaka mgeni anayekaa nchini zaidi ya miezi mitatu mfululizo ajisajili. Mkimbizi ana utaratibu wake chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Wengi huyajua haya wakiwa tayari mbele ya askari, na hapo somo huwa ghali.

Huenda msomaji akasema haya ni mambo madogo, kila mtu atayajua kwa kukaa. Hoja hiyo nimeisikia hata vyumbani mwa walimu. Jibu langu ni kwamba mtoto mgonjwa hawezi kungoja mama yake ajue kwa kukaa. Isitoshe, mgeni asiyeelezwa hunyamaza. Namkumbuka kijana kutoka Bukavu aliyekuja akikisema Kiswahili tangu utotoni, Kiswahili cha kwao, kilichochanganyika na Kifaransa. Siku ya kwanza darasani alichekwa. Muhula mzima hakufungua tena kinywa. Nchi yake ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka mmoja kabla ya hapo viongozi wa Jumuiya walikuwa wamekipitisha Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Maazimio hayo yatamfaa nini kijana huyo ikiwa sisi tunamcheka?

Ipo sababu nyingine inayotupasa sisi wa Bonde la Ufa kuwa waangalifu kuliko wengine. Hapa neno ‘mgeni’ halikutumiwa siku zote kwa ukarimu. Katika mapigano ya mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya waliozaliwa na kulelewa katika bonde hili waliitwa wageni, wakaitwa madoadoa, kisha nyumba zao zikateketezwa. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiorodhesha neno ‘madoadoa’ miongoni mwa maneno ya chuki. Hiyo ilikuwa hatua njema, lakini neno baya haliondoki kwa kukatazwa tu. Sharti ‘mgeni’ lirejeshewe maana yake ya asili, ile ya mtu ambaye mwenyeji ana deni kwake. Wahenga walinena pia, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili. Kwanza, kila shule na chuo chenye wanafunzi wa kigeni kitenge wiki mbili kabla ya masomo kuanza, kiwafunze Kiswahili cha maisha: saa na muda, fedha, nyumba, maji, hospitali na stakabadhi. Hakuhitajiki fedha nyingi; wanafunzi wa vyama vya Kiswahili wanaweza kuifanya kazi hiyo wakisimamiwa na mwalimu mmoja. Pili, mwalimu wa shule ya upili awatume wanafunzi wake sokoni na kwenye kituo cha matatu wakakusanye semi ambazo zingempotosha mgeni, kisha waandike maelezo yake kwa Kiswahili sanifu. Watajifunza sarufi na maana kuliko wanavyojifunza kwa kukariri ngeli, na mgeni atapata kitabu chake kidogo.

Mwanafunzi wangu alihitimu. Kabla ya kuondoka aliniletea karatasi aliyowaandikia wenzake wanaokuja nyuma yake. Mstari wa kwanza ulisema: “Ukiambiwa saa, uliza kama ni saa ya ukutani au ni saa za kuhesabu.” Niliisoma nikaona haya, kwani mgeni ndiye aliyelitia jembe mpini. Tangu hapo karatasi hiyo huisoma mbele ya darasa langu kila mwaka, siku ya kwanza, kabla sijasema lolote juu ya isimu.