Msimnyang'anye Bibi Jembe

Kilole, mjini Korogwe, mzee akishaambiwa hospitali kwamba ana presha au sukari, nyumba nzima humhurumia. Ndoo anapokonywa, jembe linafichwa, na hata safari fupi ya sokoni anaitiwa bodaboda. "Bibi, wewe kaa tu, upumzike." Nia ni njema kabisa, ila misuli isiyofanya kazi hunywea, na ya mzee hunywea upesi.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wazee 12 wenye afya njema waliokubali kukaa kitandani siku 10. Hawakuwa wagonjwa, walilala tu. Kwa wastani kila mmoja alipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku 10 tu! Sasa mfikirie mgonjwa anayeshinda barazani mwaka mzima.

Hasara hiyo hujitokeza kwanza chooni. Choo cha shimo kinamtaka mtu achuchumae, kisha ainuke kwa nguvu za mapaja yake mwenyewe. Mapaja yakilegea, mzee huanza kujishika ukutani. Baadaye huhitaji mtu wa kumwinua, na hapo ndipo aibu inapomwingia. Sijda nayo inakuwa mtihani, anaanza kuswali akiwa kwenye kiti. Kuanguka kunafuata, na nyonga ikivunjika uzeeni, wengi hawarudi tena katika hali yao.

Uzuri ni kwamba misuli haina uzee wa kukataa mazoezi. Mwaka 1990, huko Boston, daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwafanyisha wazee dhaifu wa takriban miaka 90 mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8, nguvu za miguu ya waliomaliza zilikuwa zimepanda kwa wastani wa asilimia 174.

Kwa mwenye sukari kuna faida nyingine. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inaposhindwa kazi yake vizuri. Kwa mwenye presha, kutembea mara kwa mara hulegeza mishipa na kushusha presha, ingawa hilo si ruhusa ya kuacha vidonge.

Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Ni jambo jema, lakini siku moja kwa mwezi haitoshi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki, wazee na wenye magonjwa sugu wakiwemo, na kwa wazee linaongeza mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasianguke, siku tatu au zaidi kwa wiki.

Hayo hayahitaji trakisuti wala jimu. Kiti imara kilichoegemezwa ukutani kinatosha: mzee akae, ainuke bila kujisukuma kwa mikono, akae tena, mara chache asubuhi na chache jioni, akiongeza kadiri anavyozoea. Kulima bustani na kwenda dukani kwa miguu vinahesabika pia. Anayetumia dawa za sukari asianze na njaa, avae viatu vilivyofunika vidole na akague nyayo zake akirudi. Kifua kikibana, pumzi ikikata au kizunguzungu kikimjia, aache mara moja na aende kituo cha afya.

Ndugu msomaji, siku utakapompeleka mzee wako kliniki, usiulize habari za vidonge peke yake. Muulize daktari ni mazoezi gani yanamfaa, kisha yafanyeni pamoja nyumbani.