Makaa ya Mawe Hujiwasha Yenyewe

Sisi wa Chiungutwa tukifika Masasi huona malori ya makaa ya mawe kutoka Mbinga, yakienda bandari ya Mtwara. Je, makaa hayo huweza kuwaka bila kiberiti? Ndiyo.

Tazama lundo la samadi. Tukidunga kijiti ndani, kinatoka kina moto. Makaa nayo yakipata hewa hupata joto polepole. Lundo likiwa kubwa, joto halina pa kutokea. Linazidi tu, mwisho moto.

Katika mgodi wa chini ya ardhi, kama ule wa Kiwira uliofunguliwa mwaka 1988, hatari ni kubwa zaidi. Moto huo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu hulegea, akalala, asiamke. Kwa hiyo mashimo yaliyokwisha kuchimbwa huzibwa kwa ukuta.

Sumu hiyo hiyo hutoka kwenye jiko la mkaa. Tusilale nalo ndani!