Kabla ya kununua mashine ya vifaranga, tumia mitetea

Na Mwandishi Wetu, Mbarali

MPUNGA ukishauzwa Ubaruku, wilayani Mbarali, wapo wanaotafuta mradi mdogo wa kuzungushia fedha hadi msimu ujao. Kuku wa kienyeji ni mmojawapo, na wengi hufikiria kuanza na mashine ya kutotolea vifaranga. Kabla hujatoa fedha yako, hesabu kwanza mitetea ulio nao.

Mtetea mmoja mwenye umbo kubwa huatamia mayai 10 hadi 13 kwa siku 21. Mitetea 5 wakiatamia pamoja, unakuwa na mayai zaidi ya 50 bila umeme wala mafuta ya taa.

Siri ni kuwaanzisha siku moja. Wa kwanza akianza kuatamia, mwachie yai viza moja la kumtuliza. Mayai mazuri ya kuku wanaoendelea kutaga yahifadhi penye ubaridi, ncha nyembamba ikielekea chini. Usiyaoshe. Yakizidi siku 7, yauze au yale. Wenzake wakishaanza kuatamia, wawekee wote mayai usiku mmoja.

Chagua mayai yasiyo na ufa, kutoka kundi lenye jogoo mmoja kwa mitetea 10. Tandika kiota kwa majani makavu ya mpunga, na weka maji na chakula karibu.

Siku ya 7 yamulike gizani kwa tochi. Yenye mishipa ya damu yana uhai. Yaliyo meupe kabisa hayana mbegu, yatoe.

Vifaranga wakitoka, wape mitetea 2 wawalee wote. Wale 3 watenge, watarudi kutaga mapema. Hapo ndipo faida ilipo.

Mashine inafaa ukiwa na mayai mengi kila wiki na wateja wa uhakika. Inataka joto la nyuzi 37.5, mayai yageuzwe angalau mara 3 kwa siku hadi siku ya 18, na maji yasikauke ndani. Umeme ukikatika usiku kucha nawe huna jenereta, unaweza kupoteza mayai yote.

Adui mkubwa anabaki kuwa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Chanjo ya I-2 hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila miezi 3. Mwone ofisa mifugo wa kata yako kabla vifaranga hawajatotolewa, usisubiri waanze kufa.